Beki wa miaka 14 na goti lake

Januari 2022 Yanga walimsajili beki wa kati kutoka KMKM ya Zanzibar, Ibrahim Hamad. Mashabiki wanamwita Bacca, na wapo wanaomshangilia kila wiki bila kulijua hilo jina jingine. Siku anasajiliwa alikuwa na miaka 24.

Kwa hesabu za kwenye kibanda umiza, miaka 24 ni mtu aliyechelewa. Wanaotajwa huko ni wale walioanza ligi kubwa wakiwa na miaka 17, na mzazi anayeyasikia maneno hayo huanza kumtazama mwanawe kama abiria anayeachwa na gari. Lakini huyo aliyechelewa alikuta msimu uko katikati, na Yanga wakachukua ubingwa wa Ligi Kuu Tanzania Bara mwaka huo wa 2021/22, wakauchukua tena 2022/23, 2023/24 na 2024/25. Mwaka 2023 timu ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na kulikosa kombe mbele ya USM Alger ya Algeria kwa kanuni ya bao la ugenini tu. Januari 2024 Bacca alikuwa Ivory Coast na Taifa Stars kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika. Mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili mwaka huohuo, kwenye robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, Yanga na Mamelodi Sundowns walicheza dakika 180 Dar es Salaam na Pretoria bila kupatikana hata bao moja, mpaka penalti zikawapa Sundowns ushindi. Mechi ya namna hiyo haina bao la kusimulia. Ni mechi ya mabeki.

Kwa mzazi wa Mgogoni, Pemba, mwenye kijana wa miaka 14 anayecheza nyuma, tarakimu ya kushika katika habari hiyo yote ni ile 24.

Kabla ya Yanga, Bacca alikuwa askari. KMKM ni Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, na Ligi Kuu ya Zanzibar imejaa timu za vikosi: JKU, KVZ, Zimamoto, Mafunzo, Polisi. Watu wa Bara huwa wanalichekea jambo hilo kidogo, lakini kwa familia lina maana kubwa. Kijana alikuwa na kazi, ana mahali pa kufanyia mazoezi, na hakulazimika kuwa nyota akiwa na miaka 16 ili nyumbani wale. Mwili wake ulipata muda wa kumaliza kukua kabla haujaanza kugombana na washambuliaji wa Afrika Kaskazini.

Nafasi ya beki wa kati inahitaji muda huo kuliko nafasi nyingine. Winga anaweza kung'aa kwa kasi aliyozaliwa nayo. Beki anatakiwa kujua mpira utaanguka wapi kabla haujapigwa, na ujuzi huo huletwa na mechi nyingi na makosa mengi. Nadir Haroub, Mzanzibari aliyepewa jina la Cannavaro kwa kufananishwa na yule beki wa Italia, alizaliwa 1982 na alikuwa bado nahodha wa Yanga na Taifa Stars alipokwisha kuvuka miaka 30.

Waliotangulia wakiwa wadogo

Ipo pia njia ya kuanza mapema, na si haki kuificha. Haji Mnoga, beki wa kulia wa Taifa Stars mwenye asili ya Tanzania, alizaliwa Portsmouth, Uingereza, Aprili 2002. Alilelewa katika akademi ya klabu ya mji huo na kuichezea timu ya wakubwa akiwa na miaka 16. Alivaa hata jezi ya England ya vijana wa chini ya miaka 17. Mwenye kusoma hapo tu ataona mambo yalikuwa mteremko. Kilichofuata ni miaka ya kupelekwa kwa mkopo: Bromley, Weymouth, Gillingham, Aldershot Town. Baadhi ya hizo ni timu ambazo hata wapenzi wa mpira wa England hawawezi kuzionesha kwenye ramani. Mwaka 2024 alihamia Salford City. Mtoto aliyeanza na miaka 16 alitumia muda wake mwingi kabla ya miaka 22 akisubiri nafasi, ila yeye alisubiri akiwa na daktari wa timu pembeni.

Na yupo yule ambaye vijana wa Mgogoni wanamuona kwenye televisheni, Joško Gvardiol wa Manchester City, Mkroatia aliyezaliwa Zagreb Januari 2002. Familia yake ni ya wauza samaki katika soko la Dolac mjini humo, jambo ambalo mtu wa Pemba hahitaji kuelezwa. Alikulia katika timu za watoto za Dinamo Zagreb, na amewahi kusimulia kwamba kuna wakati alikalishwa benchi mpaka akafikiria kuacha mpira ahamie kikapu. Hakuhama. Mwaka 2021 alikwenda RB Leipzig ya Ujerumani, na Agosti 2023 Manchester City wakamnunua kwa takriban euro milioni 90.

Katikati ya hapo kulikuwa na Kombe la Dunia la Qatar, 2022. Gvardiol alikuwa na miaka 20 na alicheza amevaa barakoa ngumu usoni, kwa sababu wiki chache kabla alikuwa ameumia pua kwa kugongana na mwenzake. Alicheza vizuri karibu mashindano yote. Kisha nusu fainali, Desemba 13, Lionel Messi mwenye miaka 35 akamchukua upande wa kulia, akamgeuza, akamgeuza tena, akatoa pasi ya bao la tatu. Dunia nzima iliiona. Siku nne baadaye Gvardiol akaifungia Kroatia bao la kwanza dhidi ya Morocco, na timu ikamaliza ya tatu.

Kipande cha video kinachozunguka kwenye simu ni kile cha Messi, au zile euro milioni 90. Kile cha mtoto aliyekaa benchi hakizunguki, na ndicho kinachofanana na maisha ya watoto wengi wanaocheza chandimu leo.

Goti linapouma

Mazungumzo yenyewe huwa mafupi, na wazazi wengi wa vijana wa umri huo wanayajua.

"Mama, goti linaniuma."

"Basi leo usende."

"Kesho tuna mechi, Mama."

Kijana wa kiume hukua kwa kasi kubwa zaidi kati ya miaka 12 na 15 hivi, ingawa wapo wanaotangulia na wanaochelewa. Katika kipindi hicho mifupa hurefuka kabla misuli na kano hazijaifuata. Chini kidogo ya pia ya goti, mbele, kuna mahali ambapo kano ya paja inajishika kwenye mfupa wa ugoko. Kwa mtu mzima pale ni mfupa mgumu. Kwa mtoto anayekua bado ni laini. Kila anaporuka kupiga kichwa, kila anaposimama ghafla kumzuia mtu, kano inavuta pale pale. Ikivuta sana, panavimba, panauma na panaota kinundu kinachoonekana kwa macho. Madaktari wanaliita tatizo hili Osgood-Schlatter. Lipo la jamaa yake kwenye kisigino, linaloitwa Sever, ambalo hutokea mapema zaidi, mara nyingi kati ya miaka 8 na 14. Mtoto huonekana akitembea kwa vidole baada ya mchezo.

Maumivu haya huisha yenyewe mtoto anapomaliza kukua. Hayahitaji upasuaji, na hayahitaji sindano. Yanahitaji kupunguziwa mbio na kuruka kwa wiki kadhaa, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika kama 15 baada ya mazoezi, na kunyoosha misuli ya paja na ya nyuma ya mguu kila siku. Mtoto anaweza kuendelea kucheza kidogo ikiwa maumivu ni madogo na yanakwisha akipumzika. Akianza kuchechemea, asicheze.

Sasa, ipo hali ambayo si ya kusubiri. Goti lililovimba ndani ya saa chache baada ya kuanguka au kujipinda, hasa kama lilisikika likilia, linaweza kuwa limekatika kano ya ndani au limevunjika. Goti linalokwama likiwa limekunjwa. Mguu usioweza kukanyagiwa hatua nne. Maumivu ya kiungo yanayokuja na homa. Maumivu ya mfupa yanayomwamsha mtoto usiku, wiki baada ya wiki, hata siku ambazo hakucheza. Hayo yote ni ya hospitali: Wete, Chake Chake au Abdalla Mzee kule Mkoani.

Kuna moja linalowapita hata watu wa afya. Kijana anachechemea, anashika goti, goti likitazamwa halina kitu. Tatizo liko kwenye nyonga. Kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuteleza taratibu kutoka mahali pake katika umri huu, na maumivu yakashukia gotini. Ikigunduliwa mapema hufungwa kwa skrubu na kijana akapona vizuri. Ikichelewa, nyonga inaharibika kwa maisha. Kwa hiyo mtoto anayechechemea kwa zaidi ya siku chache bila sababu inayoonekana, mzazi aombe nyonga nayo ipigwe picha.

Halafu kuna kuchuliwa. Katika visiwa hivi karibu kila mtaa una mtu mwenye mkono mzuri wa kuchua na kukanda, na kazi yake ina heshima yake. Lakini kiungo kilichoumia leo hakichuliwi leo, wala kukandwa kwa maji moto. Kwa siku mbili za mwanzo joto na kusugua huongeza damu na uvimbe, na kama mfupa umepasuka, mkono unaousukuma unauhamisha. Siku hizo ni za kupumzisha mguu, kuuweka juu ya mto, baridi, na bandeji isiyobana mpaka vidole vikafa ganzi. Mchuaji mwenye busara atasema hivyohivyo.

Jambo linalopaswa kuwatia wazazi wasiwasi zaidi kuliko lolote katika makala hii ni kidonge cha kabla ya mechi. Diclofenac inauzwa duka la dawa kwa bei ya andazi, na vijana wamegundua kwamba ukimeza mbili saa moja kabla ya mpira, goti linanyamaza. Goti limenyamaza, halijapona. Mtoto anaruka juu ya kidonda asichokisikia. Tena dawa za kundi hili, zikimezwa tumbo tupu au kwa mtu aliyepungukiwa maji juani, huumiza tumbo na figo. Aspirini ndiyo kabisa: mwenye umri chini ya miaka 16 asipewe bila daktari, maana inaweza kusababisha ugonjwa adimu lakini mbaya wa ini na ubongo. Mzazi akikuta pakiti kwenye begi la njumu, aulize kwa upole nani alimpa. Mara nyingi jibu ni mchezaji mkubwa wa timu, siyo adui.

Mto baada ya mpira

Saa kumi na mbili jioni mchezo umekwisha, watoto wamejaa vumbi na jasho, na mto au bwawa liko njiani. Nani asiyeoga?

Pemba inajua kichocho kuliko sehemu nyingi za dunia. Mdudu wake huishi ndani ya konokono wa maji baridi, hutoka, hupenya kwenye ngozi ya mtu aliyeingia majini, na huishia kwenye mishipa ya damu iliyo karibu na kibofu. Mayai yake hutoboa kibofu kutoka nje na mkojo, ndiyo damu inayoonekana mwisho wa haja ndogo. Zamani mitaani mkojo wa damu ulionekana kuwa sehemu ya ukuaji wa mvulana. Siyo. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2010 Unguja na Pemba ziliingia katika kampeni kubwa ya kuutokomeza ugonjwa huu kwa dawa, kuua konokono na kufundisha watoto, na maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri iliyofunguliwa Chake Chake mwaka 2000 imekuwa kiini cha kazi hiyo Pemba. Maambukizi yameshuka sana. Hayajaisha, na maeneo machache yenye mito na mabwawa yanayotumiwa na watu ndiyo yanayobaki kuwa na shida.

Kwa mchezaji, kichocho humaliza damu polepole. Minyoo ya tumbo hufanya hivyohivyo. Kijana anaanza kuchoka kipindi cha pili, kocha anamwita mvivu, baba anamwambia aongeze mazoezi. Anayehitaji ni kipimo cha mkojo na cha damu. Dawa ya kichocho, praziquantel, hutolewa skuli na vituo vya afya, lakini haimlindi mtu asiambukizwe tena akirudi mtoni wiki ijayo. Aoge nyumbani kwa maji ya bomba au kisima. Akitaka kujirusha, bahari ipo, na maji ya chumvi hayana kichocho.

Damu inajengwa mezani, na hapa Pemba haina sababu ya kumwonea wivu mtu. Dagaa, samaki, maharage, choroko, mchicha na kisamvu vyote vina madini ya chuma. Embe, ndimu au chungwa pamoja na chakula husaidia mwili kuyanyonya yale ya kwenye mboga. Chai ya rangi pamoja na chakula hufanya kinyume chake. Isogezwe saa moja mbele, basi. Vyakula vya unga vinavyouzwa mijini kwa jina la kuongeza misuli kijana wa miaka 14 havihitaji, na baadhi havijulikani vina nini.

Mwezi wa Ramadhani mambo hubadilika. Kijana aliyeanza kufunga anaweza kuendelea na mpira ikiwa mazoezi ni mepesi na yanamalizika karibu na magharibi, au yamehamishiwa usiku baada ya tarawehe. Maji ayagawe kutoka futari mpaka daku, asiyanywe yote kwa mkupuo. Na daku asiiruke. Mechi za mashindano saa tisa alasiri, jua linawaka, na watoto wamefunga, ni jambo la kocha kukatazwa na wazazi kwa pamoja.

Usingizi unasahauliwa kila mara. Vijana wa miaka 13 hadi 18 wanahitaji saa 8 mpaka 10 kwa usiku, na mtoto anayeamka alfajiri kwa sala na madrasa kisha skuli anazipata tu kama simu imewekwa chumba cha wazazi.

Kichwa

Beki hupiga kichwa kuliko wachezaji wengine, na hugongana kuliko wengine. Mwaka 2020 chama cha soka cha England kiliamua kwamba watoto wa miaka 11 kushuka chini wasifundishwe kupiga kichwa mazoezini, kwa tahadhari ya ubongo. Kocha wa kijijini anaweza kulifuata hilo bila gharama.

Mtoto aliyegongwa kichwa akaonekana ameduwaa, akauliza timu gani inaongoza, akatapika, akaona maluweluwe au akayumba, atolewe na asirudi siku hiyo hata akilia. Mtikisiko wa ubongo hauhitaji mtu azimie ndipo uitwe hivyo. Pigo la pili kabla la kwanza halijapona ndilo hatari. Akitapika mara kwa mara, akawa na usingizi usio wa kawaida, kichwa kikazidi kuuma au upande mmoja ukalegea, ni hospitali usiku huohuo, siyo asubuhi.

Simu kutoka Dar

Inakuja siku ambayo mtu anapiga simu au kutuma ujumbe wa WhatsApp. Amemwona kijana kwenye bonanza, au amemwona kwenye video. Ana uhusiano na klabu ya Ulaya au ya Ghuba. Zinahitajika pesa kidogo za pasipoti, viza na vipimo.

Kanuni za FIFA za uhamisho, kifungu cha 19, zinakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, isipokuwa katika hali chache, kwa mfano wazazi wenyewe wamehamia huko kwa sababu zisizohusiana na mpira. Kijana wa miaka 14 wa Mgogoni haingii humo. Anayeahidi kumsajili Ulaya mwakani ama haijui kanuni au anaijua vizuri mno. Ng'ombe au mkarafuu usiuzwe kwa simu hiyo.

Akademi ya ndani ya nchi ni jambo jingine, na zipo za kweli, kama ile ya Azam pale Chamazi. Lakini maswali ya mzazi yabaki yale yale, tena yaulizwe ana kwa ana: mtoto atalala wapi na nani, atasoma skuli gani, akivunjika nani anamlipia daktari, na akiachwa nani anamrudisha nyumbani. Mtu wa mpira wa kweli haudhiki na maswali hayo.

Wapo pia wanaoshauri umri ukatwe, cheti kiandikwe upya, wa miaka 17 awe wa 14. Tangu 2009 FIFA hutumia picha za MRI za kifundo cha mkono kwenye mashindano ya chini ya miaka 17, kuangalia kama sehemu laini ya mfupa inayokua imeshafunga. Ni sehemu ya aina ileile inayouma gotini. Mfupa unasema umri ambao cheti kimeuficha, na adhabu humwangukia kijana, siyo aliyemshauri. Zaidi ya hayo, mtoto wa kweli wa miaka 14 anapangiwa kukabana na mtu mzima, na goti linalovunjika ni la huyo mdogo.

Mpira wa Pemba wenyewe haujafa kiasi cha kumfanya mtu akimbie. Januari 2025 Kombe la Mapinduzi lilichezwa kwa timu za taifa kwenye uwanja wa Gombani, Chake Chake, na Zanzibar Heroes wakalichukua kwa kuifunga Burkina Faso 2-1 kwenye fainali. Watoto waliokuwa majukwaani siku ile wamewaona mabeki wa kiwango hicho kwa macho yao, kwa nauli ya daladala.

Kilichobaki ni mambo mawili ambayo klabu za Ulaya zinawafanyia watoto wao na ambayo hayahitaji Ulaya. La kwanza ni mazoezi ya kujipasha yanayoitwa FIFA 11+. Huchukua kama dakika 20, hayahitaji kifaa zaidi ya mpira, na yanafanywa kabla ya kila mazoezi, angalau mara mbili kwa wiki: kukimbia kwa namna mbalimbali, kuimarisha tumbo na paja, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua goti likiwa halijaingia ndani. Tafiti zimeonesha kwamba timu za vijana zinazoyafanya mara kwa mara hupunguza majeraha kwa theluthi moja au zaidi. Yapo pia ya watoto wa miaka 7 hadi 13. Video zake ni za bure, na kocha akioneshwa kwenye simu anaweza kuyaanza kesho.

La pili ni kupima urefu. Akademi hupima watoto kila baada ya miezi michache ili kujua nani yuko kwenye kipindi cha kurefuka, kisha huyo hupunguziwa mazoezi ya kuruka kwa muda. Nyumbani inatosha penseli na ubavu wa mlango. Mtoto asimame bila viatu, visigino vikigusa ukuta, kitabu kiwekwe kichwani, alama ichorwe na tarehe iandikwe pembeni. Arudie baada ya miezi mitatu. Alama ikiwa imepanda sentimita mbili au zaidi, kocha aambiwe, vichwa na mbio za ghafla vipungue, na wiki iwe na siku mbili zisizo na mpira kabisa. Alama ikitulia, aongezewe tena kidogo kidogo.

Mlango ukipakwa rangi kwa ajili ya Sikukuu, tarehe zinakiliwe kwanza kwenye daftari.